Naomba Nirudishwe

"Mke wako hajapotea, kaka," alisema dada wa kaunta. "Ametekelezewa dai lake."

Ambokile Mwaisela alimhamisha mwanawe kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Sekela alikuwa na miaka miwili, mzito kama ndoo iliyojaa maji, na mguu wake wa kushoto bado ulikuwa na bandeji. Tangu jana mchana baba mtu alikuwa ameizunguka Mbeya nzima akimtafuta Gwantwa: redioni alikosoma taarifa ya habari, hospitalini, polisi, kwa wenzake wa kwaya. Mwishowe ndipo akakumbuka kwamba mkewe aliaga anapitia Ndotoni, ile kampuni iliyomuuzia mchezo mbovu.

"Dai gani? Alikuja kudai hela yake. Waranti bado ipo, risiti ipo."

Dada akatazama kioo chake. "Hapa alidai kurudishwa."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Hapana, kaka." Akatabasamu lile tabasamu wanalofundishwa kwenye semina. "Kurudishiwa, tunakupa pesa yako. Kurudishwa, tunakurudisha wewe mwenyewe ulivyokuwa kabla hujanunua."

Akabonyeza mahali, na sauti ya Gwantwa ikatoka kwenye spika ndogo ya kaunta, sauti ileile iliyokuwa inawaambia watu wa nyanda za juu bei ya mbolea na nani amefariki. "Naomba nirudishwe." Mashine ikauliza kama ana uhakika. "Ndiyo, nina uhakika."

"Alikosea!" Ambokile alipiga kaunta kwa kiganja, na Sekela akashtuka. "Ameruka herufi moja! Mtu akiruka herufi ndiyo mnamfuta?"

"Hatufuti, kaka. Tunang'oa. Vilivyong'olewa vinatunzwa mpaka muda wa rufaa uishe."

"Yuko wapi?"

"Baada ya huduma tulimuuliza nyumbani ni wapi, akasema Uyole, kwa mama yake. Tulimsindikiza mpaka getini." Hilo alilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja ziada ambayo mteja hakuilipia.

"Na hela yetu?"

"Aliyerudishwa hadai hela. Yeye hajanunua kitu."

*

Miaka hiyo michezo haikuwa tena vitu vya kushika mkononi. Ndotoni walikupandia uzi nyuma ya sikio, mwembamba kuliko unywele, ukakua taratibu huku wewe ukicheza usingizini. Shida ni kwamba kumbukumbu za mtu hujisokota kwenye uzi huo siku baada ya siku, kama maharage kwenye bua la mahindi. Ukiling'oa bua, yote yaliyojisokota yanakuja nalo. Ndiyo maana Sheria ya Mlaji, iliyompa mnunuzi wa bidhaa mbovu haki ya kutengenezewa, ikishindikana kubadilishiwa, ikishindikana kurudishiwa, ililazimika kuongeza haki ya nne kwa bidhaa za kichwani. Bunge liliipigia makofi. Uzi unatolewa na mizizi yake, na mtu anaamka akiwa yule aliyekuwa asubuhi ya kununua. Kampuni ziliipenda haki hiyo kuliko zote tatu za mwanzo. Mtu aliyerudishwa hana risiti, hana lalamiko, wala hana habari. Sheria inamwita mnunuzi mlaji, na sijui nani alichagua neno hilo, maana pale Ndotoni aliyekuwa analiwa anajulikana.

Mchezo wa Gwantwa uliitwa Mlezi. Aliununua kabla hajaolewa, wiki ambayo daktari alimwambia asitegemee kuzaa. Humo ndani alilea mtoto aitwaye Kito, akamnyonyesha, akamwogesha, akamfundisha kutambaa. Kisha akakutana na Ambokile, fundi wa jokofu, mcheshi, mwenye haraka katika kila jambo. Wakaoana. Gwantwa akaacha kucheza, akapata mimba, na daktari akabaki kukuna kichwa.

Sekela alipozaliwa ndipo Kito alipoanza kulia mchana. Alilia kweli, kilio cha mtoto mwenye njaa, kikitokea nyuma ya mlango wowote uliofungwa. Gwantwa hakuweza kukitofautisha na cha binti yake. Angekurupuka kwenda kumbembeleza hewa, na mara nyingine angekaa kimya, akidhani ni hewa, kumbe ni Sekela amelowa.

"Baba Sekela, huyo analia?" aliuliza kutwa.

"Hapana, mama, wetu amelala." Au, "Ndiyo, huyo wetu, nenda." Naye akaenda, au akakaa, kama alivyoambiwa. Katika nyumba ile neno la Ambokile lilikuwa ndilo masikio ya mkewe. Hakumdanganya hata siku moja, na hilo ni lazima lisemwe kwa heshima yake.

Walidai kutengenezewa. Mafundi wa Ndotoni wakapunguza sauti, na baada ya muda kilio kikarudi kikiwa na kwikwi. Walidai kubadilishiwa. Wakapewa toleo jipya, na katika toleo jipya Kito alikuwa amejua kusema "mama". Walipolalamika, meneja akawajibu kwamba hiyo si kasoro, ni maboresho.

Kisha Ambokile akapata kazi ya siku nzima huko Chimala, na Sekela akavuta sufuria ya uji jikoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yake alikuwa sebuleni, ameziba masikio, anajisemea, si yeye, si yeye, ni yule. Aliyeingia kumwokoa ni jirani aliyekuja kuomba chumvi.

*

Uyole kulikuwa na ukungu. Gwantwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mama yake, anamenya viazi, na alipomwona mwanamume amebeba mtoto akainuka na kujifuta mikono kwenye kitenge.

"Karibu, kaka. Unamtafuta mama? Yuko nyuma."

Kaka. Alilisema kwa adabu ile anayopewa msoma mita.

Sekela hakungoja. "Mama!" akapiga ukelele, akajirusha, na Gwantwa akampokea kwa sababu hakuna mtu anayeacha mtoto aanguke.

"Jamani, kananiita mama!" Alicheka, akambusu shavu. Halafu kicheko kikamwisha. Akamrudisha mtoto kwa baba yake haraka kuliko ilivyohitajika. "Mfundishe asiite watu hivyo, kaka. Wengine tunaumia."

"Wewe hujui kabisa mimi ni nani?"

"Nisamehe. Mama anasema nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, dawa ya usingizi ikanivuruga." Akagusa tumbo lake, pale Sekela alipotolewa. "Kama tulikuwa tunafahamiana, nitakumbuka tu."

Bi Tumpale, mama yake, alitokea kwenye kona ya nyumba, akamwona mkwewe, na bila salamu akamwashiria amfuate mpaka kwenye banda la kuni.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kumchukua mke wangu. Kuna makosa yamefanyika. Amekosea herufi pale kaunta, wakamng'oa."

"Gwantwa? Akosee herufi?" Mama huyo nusura acheke. "Huyu aliyekuwa anamsahihisha mchungaji mbele ya waumini? Ambokile, mwanangu, kaa chini."

Hakukaa. Bi Tumpale akamweleza hivyohivyo amesimama. Gwantwa alipita kwake kabla ya kwenda Ndotoni. Alikaa hapo kwenye gogo, akalia, akamaliza, akanawa uso. Alisema pesa hata wangerudishiwa zote, kilio kingebaki. Kitu pekee kitakachokiondoa ni kuondoka nacho yeye mwenyewe. Aling'olewa kwa hiari, ili siku Sekela atakapoungua tena kusiwe na mama aliyeziba masikio.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ungemruhusu?"

Ambokile alilitazama lile gogo.

"Alikuachia neno," Bi Tumpale akaendelea, sauti ikalegea. "Alisema, mwambie Baba Sekela asinieleze lolote kwanza. Nikiambiwa nina mume na mtoto nitakuja kwa wajibu, na mimi sitaki kuja kwa wajibu. Mwambie aje na Sekela kama mgeni. Azoeane na mimi. Anichumbie tena. Alinipenda nikiwa sijui kupika, atanipenda na sasa."

Mtu mwingine angeshukuru. Kupewa njia ya kurudi kwa mke mzima, asiyesikia sauti, na mtoto aliye salama, si jambo dogo. Ambokile alishukuru pia, siku ile, mpaka akatokwa na machozi kwenye banda la kuni.

*

Akaanza kuja. Alikuja na sukari, na sabuni, na mara moja na jokofu alilolifufua mwenyewe. Gwantwa alidhani ni mjane, akamhurumia. Kwa Sekela mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyoomba. Mtoto alijifunza kutomwita mama, akamwita Gwa, akawa analala mapajani mwake huku Gwantwa akichambua mboga kwa mkono mmoja asimwamshe. Sekela akilia, hata kwa mbali, hata kwa kudeka, Gwantwa aliinuka mara moja na kwenda moja kwa moja alipo. Hakuuliza mtu. Bi Tumpale alikuwa anaangalia hayo kutoka dirishani na kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kwa Ambokile hakukuwa na kitu. Vichekesho vilivyomwangusha Gwantwa zamani, sasa alivisikiliza kwa subira. Mwanamume alitaka kwenda haraka. Kila jioni alipofunga safari ya kurudi Mbeya alihisi anaibiwa, na anayemwibia anampungia mkono wa kwaheri. Siku aliyothubutu kumshika kiganja, Gwantwa alikitoa taratibu.

"Kaka Ambokile, wewe ni mtu mwema, na mtoto wako nampenda sana. Ila usinifikirie hivyo. Kuna mtu."

Kulikuwa na mtu kweli. Aliitwa Elia, mpiga kinanda wa kwaya, ambaye Gwantwa alikuwa naye kabla ya yote haya, na ambaye kwa hesabu ya kichwa chake waligombana juzi tu. Jumapili iliyofuata Ambokile alimkuta amekaa kwenye kiti kile kile alichozoea kukaa yeye, na Sekela yuko magotini kwa Gwantwa, anamchezea Elia tai.

Alimrudia Bi Tumpale kwenye banda la kuni. "Mwambie ukweli. Leo."

"Ngoja kidogo. Huyo Elia hata mimi simwamini, watagombana tena."

"Na wasipogombana?"

Ambokile aliteremka mjini akiwa ameshaamua, na kesho yake akaenda kwa wakili.

*

Wakili Nakijwa Mgonja alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba, aliyeshinda mashauri mengi ya Ndotoni na hakuyapenda hata moja.

"Tunaweza kuomba tendo litenguliwe," alisema. "Hoja ni rahisi. Aliomba kurudishiwa, ulimi ukateleza, akapewa asichoomba. Watu mtaani wanasema nirudishwe hela yangu kila siku, hakuna anayetaka kung'olewa kichwa. Baraza likikubali, kila kitu kinarudi kilivyokuwa, kisha ndipo anapewa haki sahihi, yaani pesa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu kilichomo kwenye kopo." Chombo hicho cha hifadhi kilikuwa na jina refu la kisheria, lakini mawakili wote walikiita kopo. "Uzi na kumbukumbu haviwezi kutenganishwa. Kilio kinarudi pamoja na ndoa yako. Unalielewa hilo?"

"Tutakabiliana nacho. Nitaacha kazi za mbali. Nitakuwa namwambia kama zamani, huyu wetu, huyu siye. Na yeye, huyu wa Uyole, itabidi akubali?"

Nakijwa alivua miwani. "Hapo ndipo sheria ilipo na ukatili wake. Haulizwi. Mnunuzi ni yule aliyeko kwenye kopo. Huyu wa Uyole hajawahi kununua kitu, hana mkataba na mtu, kwa hiyo hana shauri." Akaivaa tena. "Shida ni moja. Mkeo alikuwa msoma habari. Ndotoni watasema mtu wa Kiswahili chake haruki herufi. Nitajibu kwamba kazini alisoma kilichoandikwa, nyumbani aliongea kama sisi wengine, na mwenye kujua ya nyumbani ni mumewe. Utaapa. Nyumbani alikuwa anachanganya maneno hayo mawili?"

Kuna siku, mwanzoni mwa ndoa, Ambokile alisema muuza viatu amekataa kumrudisha hela, na Gwantwa akacheka mpaka akakaa chini. Kukurudisha wapi, mume wangu? Kwenu Tukuyu? Akamfundisha tofauti hiyo akiwa ameshika mashavu yake kwa mikono miwili, kama anayemfundisha mtoto kutamka.

"Alikuwa anachanganya," alisema Ambokile.

Wakili aliandika. Hakuuliza mara ya pili, na sidhani kama alitaka kujua.

*

Baraza la Walaji lilikaa kwenye ukumbi wa mikutano ambao wiki moja kabla ulikuwa na harusi, na riboni za zambarau zilikuwa bado zinaning'inia. Mwenyekiti, Mzee Hokororo, alikuwa na mafua. Ndotoni waliwakilishwa na Bwana Kamugisha, kijana nadhifu aliyewasalimia wote kwa kuwashika mikono, hata Gwantwa, ambaye alikuja kwa sababu aliitwa na hakujua kwa nini.

Alijua hapohapo, hadharani, kwa kusikia wakili akisoma maelezo ya shauri. Mume. Ndoa. Mtoto. Aligeuka taratibu kumtazama Sekela aliyekuwa anakula biskuti kwenye benchi, kisha akatazama tumbo lake mwenyewe.

"Huyu ni wangu?" alimuuliza mama yake. Bi Tumpale aliinamisha kichwa, na Gwantwa akaenda kumkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka biskuti ikavunjika. Hata Mzee Hokororo aliacha kupenga.

Kisha Gwantwa akasimama. "Mheshimiwa, naomba niseme."

Bwana Kamugisha akainuka naye, kwa upole. "Mwenyekiti, kwa heshima zote kwa dada yetu. Upande wetu tunapinga kutenguliwa, lakini hata sisi hatuwezi kumsikiliza. Mnunuzi yuko ndani ya kopo. Huyu, kwa tafsiri ya kifungu, ni kifungashio."

Watu wawili watatu nyuma walicheka, halafu wakajistahi.

"Kifungashio hakihojiwi," alikubali Mzee Hokororo. "Kaa, mama."

Hakukaa. Alimgeukia Ambokile, na hakujali tena baraza. "Kaka. Nimesikia nilivyokuwa naishi. Nimesikia kuhusu mguu wa mtoto. Nakuomba. Nitamlea Sekela, ni damu yangu, nitamlea mpaka nife. Ukitaka nikae nyumbani kwako, nitakaa. Elia nitamwambia asije tena. Ila msinirudishie hicho kilio."

Wakili Nakijwa alimwinamia mteja wake. "Bado tunaweza kuliondoa shauri," alinong'ona. "Umepata karibu kila kitu. Niliondoe?"

Mtu akiniuliza wakati upi hasa Ambokile alipokuwa mbaya, nitasema ni huu. Si pale aliposema uongo ofisini, maana pale alikuwa na uchungu na uchungu humsemea mtu. Hapa alikuwa na nafasi ya kufikiri, na mtoto wake alikuwa mbele yake, mikononi mwa mama asiyeweza kumdhuru. Alifikiri. Akamwona Gwantwa atakavyoishi nyumbani kwake, akimpakulia, akimfulia, akimwita kaka.

"Hapana," alisema. "Endelea."

Akaletewa Biblia. Akaapa kwamba mkewe, nyumbani, hakuwa anatofautisha nirudishwe na nirudishiwe, na kwamba alimsikia kwa masikio yake akiyachanganya mara nyingi.

"Muongo!" Bi Tumpale alipasua ukumbi. "Muongo wewe! Aliniambia mimi mwenyewe alichoenda kuomba!" Walimtoa nje. Mwenyekiti alisema maneno ya mama mtu ni ya kusimuliwa tu, ila mume ameishi na mnunuzi chumba kimoja, na hakuna anayemjua mke kuliko mumewe. Shauri likakubaliwa. Bwana Kamugisha hakuonyesha uchungu sana. Pesa ya kumrudishia mteja mmoja si kitu cha kuvunja kampuni.

Wahudumu wa Ndotoni walimchukua Gwantwa palepale, mmoja huku, mmoja kule. Aliwaambia kwa sauti iliyotulia kwamba hajanunua kitu. Alirudia mpaka mlango ukafungwa.

*

Chumba cha huduma kilikuwa na kitanda, kiti, na picha ya mtoto wa Mlezi anacheka ukutani. Bi Tumpale alikataa kukanyaga pale. Sekela alibaki nje mapokezi na dada wa kaunta, ambaye alimpa kalamu achoree.

Gwantwa alifumbua macho. Alitazama dari, kisha akamwona.

"Baba Sekela," alisema.

Ambokile alipiga magoti kando ya kitanda. Alimshika mkono, akauweka kwenye shavu lake, akalia bila aibu mbele ya mhudumu. Alikuwa amelipata jina lake. Dakika ile alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote katika mji wa Mbeya, na mimi simnyimi hiyo dakika.

Gwantwa akainua kichwa kutoka kwenye mto, kama anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. "Nani analia?"

"Hakuna, mama. Ni yule."

"Kwa nini namsikia?"

Mhudumu akakohoa, akaanza kumsomea uamuzi, kwa kuwa sheria inataka mnunuzi asomewe akiwa na akili yake. Kwamba tendo la kurudishwa limetenguliwa. Kwamba sasa anastahili kurudishiwa pesa zake, ambazo zimeshaingizwa. Kwamba haki ya kurudishwa haitumiki mara mbili kwa bidhaa moja, hivyo imekwisha. Kwamba baraza limefikia hapo kutokana na ushahidi wa kiapo wa mumewe, kuwa nyumbani hakuwa anatofautisha nirudishwe na nirudishiwe.

"Nirudishwe," alisema Gwantwa polepole, kwa sauti ya redioni, kila silabi mahali pake. "Nirudishiwe." Akautoa mkono wake kwenye shavu la mumewe. "Uliapa hivyo?"

"Nilitaka urudi."

"Nilikuachia njia ya kurudi kwangu. Mama hakukuambia?"

"Aliniambia. Lakini yule mwanamke hakunitaka, Gwantwa. Angeolewa na yule mpiga kinanda. Ningefanyaje?"

"Yule mwanamke ni mimi. Yananirudia sasa yote, ya kwetu na ya Uyole. Nakumbuka Sekela amelala mapajani mwangu. Nakumbuka nimesimama mbele ya watu nakuomba, na wewe unanitazama." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kwa Ambokile kama angepaza. "Nilikuwa namsikia yeye peke yake. Mtoto mmoja. Hujui ni raha gani, kusikia mtoto mmoja."

Kule nje kalamu ilianguka, au labda dada wa kaunta aliichukua, na Sekela akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kuudhika mwanzoni, kisha cha hofu, cha mtoto aliyegundua yuko na mtu asiyemjua.

Gwantwa hakugeuka.

"Huyo ni Sekela," alisema Ambokile. "Huyo ni wetu, mama. Wa kweli. Nenda."

Gwantwa alimtazama mwanamume huyo ambaye kwa miaka miwili alikuwa ndiye masikio yake. Alimtazama machoni, kwa muda mrefu, akitafuta mahali pa kushika.

"Naapa," alisema Ambokile. "Naapa kwa Mungu ni Sekela."

"Barazani pia uliapa," alisema mkewe.

Akakaa wima kwenye kitanda, akainua mikono yake yote miwili, akaziba masikio.